Mkanda Ukasafishwe

Beseni lilikuwa chini ya kitanda, limefunikwa kwa mfuniko wa sufuria kubwa, na juu ya mfuniko kuna tofali. Furaha alikuwa amepiga magoti sakafuni, mikono yote miwili juu ya tofali lile, kama mtu anayezuia nyoka asitoke.

"Shikamoo mama," alisema bila kuinua uso.

"Marahaba. Mkanda uko wapi?"

Aliliangalia beseni.

Nilikuwa nimetoka Nyandira alfajiri kwenye Fuso la kabichi, nimekaa mbele pembeni ya dereva, Hatibu, kitenge cha msiba kifuani. Tope la mlimani lilikuwa bado bichi kwenye ndara zangu. Dada yangu Scholastika alikuwa amelala ndani ya nyumba yake kule juu, amekufa tangu jana asubuhi, na kesho saa nane mchana angezikwa. Picha yake pekee ya maana, pekee aliyoikubali mwenyewe tangu azaliwe, ilikuwa kwenye ule mkanda. Nilipoiona mikono ya mkwe wangu, vidole vimepauka kwa sabuni, nikaelewa.

"Si ulisema kausafishe," Furaha akasema.

Sikusema hivyo. Nilisema ukasafishwe. Kati ya maneno hayo mawili pana herufi chache tu, lakini siku ile iliingia humo milima yote ya Uluguru.

Sisi tuliozaliwa zamani hatuna shida na neno hilo. Ulikwenda studio, ukakaa mbele ya pazia lililochorwa maua, mpiga picha akakwambia rudi Jumamosi, bado hazijasafishwa. Ukasubiri. Kusafisha ilikuwa kazi yake, gizani, kwa dawa zake. Lakini Furaha alizaliwa Dumila wakati simu zimeshaanza kupiga picha. Hajawahi kusubiri picha hata siku moja. Mwanangu Mikaeli alimwoa mwaka ule ule wa msiba, na mimi, ninayejidai mtu wa kuangalia mambo madogo madogo, sikukumbuka kwamba hata neno linaweza kuwa la watu wa umri fulani.

Mambo yalianzia kwa mjukuu wangu Winfrida, mtoto wa Fidelis, kifungua mimba wangu. Anafanya kazi Dar, na kila akipata likizo anazunguka na kamera ya zamani, ya mkanda, ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia. Wiki mbili kabla ya msiba alinipitia hapa Bigwa, akasema, "Bibi, twende Nyandira ukamwone bibi mkubwa, na mimi nipige milima." Dada alikuwa ameanza kuumwa kifua. Nikafunga mzigo.

Sijapata kuona mtu anayepiga picha kwa ubahili kama yule. Wenzake wananyanyua simu, pa pa pa pa, wameondoka. Winfrida alisimama kwenye ukingo wa matuta, akaangalia jua, akazungusha kidude hiki, akazungusha kile, akavuta pumzi, akaizuia. Halafu mara nyingine akaishusha kamera na kusema, "Hapana." Mkanda una picha thelathini na sita tu, aliniambia. Alipiga wanawake wanaoosha karoti mtoni. Alipiga mbuzi wa maziwa wamejipanga chini ya paa mvua ikinyesha, wamekunja nyuso kama wazee wa kanisa. Kila jioni alinitajia zilizobaki, na mimi nikaanza kuwa na wasiwasi kwa niaba yake, kama mtu anayeangalia debe la unga linavyoshuka.

Dada yeye hakutaka kupigwa. Alikuwa na sababu zake mbili. Ya kwanza ni ya siku ya kipaimara, tulipokuwa wasichana pale misheni. Mpiga picha alitoka mjini, tukapangwa safu tatu, na wakati anabonyeza, dada aliinama pembeni kunifunga kamba ya kiatu. Picha ilipotoka, sote tumo na shela zetu nyeupe, na yeye ni kiwiko. Kiwiko tu, pembeni kabisa. Kwa miaka, watu wa Nyandira walimwita Kiwiko, mpaka aliyemuoa. Sababu ya pili ni ya juzi juzi: mjukuu wake mmoja alimpiga kwa simu amesinzia, mdomo wazi, akairusha kwenye kundi la ukoo. Walimcheka mpaka walioko Mbeya.

Siku ya mwisho ya safari yetu alikuwa amekaa mlangoni pa jiko, anaota jua, akimtazama Winfrida anavyoifuta kamera.

"Hebu nione mlivyonipigia mbuzi wangu," akasema.

"Haionyeshi, bibi mkubwa. Mpaka mkanda ukasafishwe."

"Kwa hiyo hata wewe hujui wametokaje?"

"Sijui."

"Na Prisca hapa hajui?" akaninyooshea kidevu mimi.

"Hakuna anayejua."

Dada aliiangalia kamera. Niliona jambo linapita usoni mwake. Kitu kinachompiga mtu halafu hakimtangazi, kinakwenda kukaa naye gizani kwanza. Nadhani hilo lilimpendeza.

"Zimebaki ngapi?"

"Moja."

"Basi nipige mimi." Alivua kilemba, akakifunga upya, akaweka mikono magotini. "Lakini sikilizeni. Ikitoka, mimi kwanza. Kabla ya Prisca, kabla ya padri, kabla ya mtu yeyote. Nikijipenda, mtaona. Nisipojipenda, inachomwa."

"Sawa," Winfrida akasema.

"Prisca?"

"Sawa, dada."

Kamera ikalia klaki, mara moja. Winfrida akazungusha mpini, mkanda ukarudi wote ndani ya kijikasha chake cha bati isipokuwa kaulimi kadogo ka nje, akautia kwenye kikopo cheusi. Kesho yake alishuka. Alipita Bigwa akauacha kwenye begi lake kubwa, akaenda Turiani kupiga mashamba ya miwa. Mimi nikabaki na mgonjwa.

Kila asubuhi dada aliniuliza, "Imetoka?" Nikasema bado. Siku ya sita hakuuliza. Alikunywa uji vijiko viwili, akageukia ukutani, na kabla kengele ya misa haijagongwa akawa amekwenda.

Sasa msiba wa siku hizi una mambo yake. Jeneza halitoki bila picha. Inatangulia mbele, imeshikwa kifuani na mjukuu. Watu walipoanza kujaa wakauliza picha. Deogratias, mtoto wake, alikuwa bado njiani kutoka Mbeya na alipiga simu kuuliza hilo hilo. Ndipo Andrea akapata pa kuingilia. Andrea ni mtani wetu, wa ukoo unaotutania tangu babu zetu, na msibani mtani hana adabu na haadhibiwi.

"Msiba gani huu hauna sura?" akasema, amesimama katikati ya wanawake wanaolia. "Nipeni shuka nyeupe nijilaze, mnipige mimi. Uzuri tulikuwa tunalingana. Au mkaweke kile kiwiko."

Wanawake walicheka huku machozi yanatoka. Mimi sikuweza. Nilipanda kilima cha nyuma ya kanisa, mahali ambapo simu inashika ukiegemea jiwe moja maalumu, nikampigia Furaha. Nilimwambia kikopo kiko wapi. Nilimwambia, "Mkanda ukasafishwe leo hii," na nilikuwa naendelea kumwambia ampelekee mzee Hashimu mjini, mpiga picha wa zamani anayemtunzia Winfrida dawa zake za kusafishia, simu ikakata. Nilipopiga tena, ikaita bila kupokelewa. Halafu ikawa imezimwa.

Dada wa marehemu haondoki msibani. Anakaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, mpaka maziko. Mimi niliondoka.

"Umevuta kiasi gani?" nilimuuliza Furaha pale kitandani.

Alinionyesha kwa mkono wake: kutoka ncha ya kidole mpaka kiwiko, na tena mara nyingine. Nikampigia Winfrida. Nilipomaliza kumweleza, nikasikia upepo wa Turiani kwenye simu yake. Kisha akaanza kuongea polepole, kama anavyoongea mtu anayetembea juu ya gogo.

"Bibi, usilifunue. Sehemu iliyovutwa imepigwa na mwanga, hiyo imekufa. Lakini ya nje ndiyo ya mwanzo. Ya mwisho iko ndani kabisa. Bibi mkubwa ni ya mwisho."

"Maji yameingia."

"Najua. Usiukaushe. Ukikauka unagandana, ndiyo basi. Uende hivyo hivyo na maji yake. Upeleke kwa mzee Hashimu, mimi naanza safari sasa hivi."

Tulilifunga beseni kwa khanga mbili na blanketi zito la Mikaeli, bila kugusa mfuniko, tofali tukaliacha. Tukapanda bajaji. Kila tuta la barabarani maji yalimwagika kidogo kwenye sketi yangu, na kila yalipomwagika nilijiuliza yamebaki kiasi gani humo ndani, na kama kile kijikasha cha bati bado kimezama au kimeanza kupata hewa. Sikuweza kuangalia. Kuangalia ndiko kungeua. Furaha alikuwa amelikumbatia upande wa pili, shavu juu ya blanketi.

Mzee Hashimu sasa anapiga picha za pasipoti na kutoa kopi za vyeti. Chumba chake cheusi kiko nyuma, kimejaa maboksi. Aliangalia lile furushi.

"Dada Prisca, umeniletea mkanda au supu?"

"Mkanda, umelowa."

"Umeangukia mtoni?"

Furaha akasema, "Nimeufua, babu."

"Kwa sabuni gani?"

"Ya unga."

"Basi angalau utanukia." Alimwona anavyoinamisha uso, akaacha. "Nisamehe, binti. Nipe. Kaeni hapo kwenye benchi, na mtu asifungue huo mlango, hata kukitokea moto."

Tukakaa. Nje mashine ya kutoa kopi ilikuwa inaguruma, wanafunzi wanaingia na kutoka. Nilimsikia mzee Hashimu ndani, bati linagonga bati, maji, kimya, kisha anajisemea maneno ambayo sikuyapata. Kimya kilikuwa kibaya zaidi. Mkanda uliolowa hauingii vizuri kwenye kigurudumu cha kuusafishia, Winfrida alikuwa ameniambia. Unanata, na ukilazimishwa unachanika.

"Niliuvuta nikaona hamna picha," Furaha akasema ghafla, chini kwa chini. "Kijivu tupu, kama umepakwa kitu. Nikasema kumbe ndiyo maana mama kasema nikausafishe, uchafu umefunika picha. Nikausugua taratibu. Kwa kitambaa laini, mama, sikutumia brashi."

"Halafu?"

"Maji yakabadilika rangi. Yakawa ya zambarau. Nikaona inachuja. Nikajua nimeitoa rangi picha ya marehemu." Akafuta viganja kwenye khanga. "Nikauacha humo humo nikafunika. Sikutaka mtu auone. Nikazima simu."

Niliangalia mikono yake. Nilitaka kumgombeza, maneno nilikuwa nayo tangu nyumbani, nimeyapanga. Lakini angekuwa jasiri kidogo, angeuvuta wote. Angekuwa hana aibu, angeuanika kwenye kamba, kati ya suruali ya Mikaeli na mashuka. Na angeusafisha nani mkanda uliojaa uchafu, kama siyo mkwe anayetaka kumpendeza mama mkwe wake?

"Hujaolewa hata mwaka," nikamwambia, "unafua mpaka vivuli vya watu."

Aliniangalia kuona kama ni matusi. Ilikuwa utani, ingawa sauti yangu haikuwa na utani.

Winfrida alifika na vumbi la miwa kwenye nywele, akatusalimia kwa mkono tu, akasimama mbele ya mlango ule kama askari. Mzee Hashimu alipotoka alikuwa ameshika kipande cha mkanda, kifupi kuliko mkono wangu, kinachuruzika.

"Tatu zimetoka," akasema. "Moja mbuzi. Moja sijui ni nini. Na moja ya mwisho, mtu."

Nilifumba macho. "Msinionyeshe. Na wewe Winfrida usiangalie. Tuliahidi."

"Mimi nimeshaangalia, dada Prisca, nifanye nini?"

"Umeona nini?"

"Kwenye mkanda weusi ni weupe na weupe ni weusi. Huko siyo kumwona mtu. Naona mtu kakaa."

"Uso upo?"

Aliusogeza kwenye taa, akautazama kwa muda ambao sikuupenda. "Kuna alama, sabuni imepita. Imepita wapi, siwezi kukwambia mpaka nitoe kwenye karatasi. Na nikitoa, unataka nisikwambie."

Umeme ukakatika wakati ule ule, kwa hiyo karatasi ikangoja mpaka asubuhi. Saa mbili mzee Hashimu alinikabidhi bahasha ya kaki, imefungwa kwa gundi. Alisema ameitoa mgongo juu, akaifungia bila kuigeuza. Sikumuuliza kama ni kweli.

Nimesafiri barabara ya Mgeta maisha yangu yote na sikuwahi kuiona ndefu vile. Mvua ilikuwa imenyesha. Mahali pawili tulishuka, mimi, Winfrida na Furaha na beseni lake, tukasubiri magari yasukumwe. Bahasha ilikuwa kifuani, chini ya kitenge, na niliihisi inapata joto la mwili wangu. Ningeweza kuifungua. Nani angejua? Kama alama ya sabuni imepita usoni, basi nimebeba picha ya mtu asiye na uso, na mbele ya kanisa zima dada yangu atakuwa kiwiko tena, safari hii kwa mkono wangu. Ningeifungua ningejua mapema, ningetafuta la kusema. Nilitia kidole kwenye gundi mara mbili. Winfrida aliona, akageuka kutazama nje. Kamera yake ilikuwa ndani ya begi, hakuitoa njia nzima.

Tulifika saa saba na nusu. Padri alikuwa ameshakuja. Jeneza lilikuwa sebuleni, wazi, na watu wamepanga mstari wa kuaga mpaka uani. Deogratias, macho mekundu, alikuwa ameshika fremu tupu yenye kioo.

Andrea alikuwa mlangoni, amenyoosha mguu kuziba njia.

"Ametoroka mkeka, anarudi na barua," akasema kwa sauti ya kila mtu asikie. "Tuone basi huyo mrembo."

"Andrea," nikasema. "Naomba niingie peke yangu. Yeye ndiye wa kwanza kuiona. Alisema."

Alinitazama. Sijui alichokiona. Aliuondoa mguu, akaingia ndani mwenyewe, nikamsikia anasema, "Jamani, tokeni kidogo. Mtani wangu anavaa."

Walitoka wote, hata padri. Andrea akavuta pazia la mlango na kusimama nje, mgongo kwetu.

Dada alikuwa na pamba puani na rozari mkononi. Baridi ya kule ilikuwa imemtunza vizuri. Nilichana bahasha nikitazama dari, nikaitoa picha kwa kupapasa, nikaielekeza kwake, karibu, kama alivyozoea kusoma kitabu cha sala macho yalipoanza kupungua.

"Ndiyo hii, dada," nikasema.

Nilikaa hivyo. Mkono ulianza kuuma begani nikauvumilia. Nje mtu alikohoa. Alikuwa amesema akijipenda tutaona, asipojipenda ichomwe, na sasa hakuwa na la kusema, na mimi nilikuwa nimekuja na picha mpaka pale bila kufikiria kwamba jibu litakosekana. Ningempa nani kosa hilo? Kiberiti kilikuwa dirishani, karibu na mshumaa.

Ndipo nikaigeuza.

Alama ilikuwepo. Ilianzia kwenye mlango wa jiko ikashuka kwa mawimbi, nyeupe, ikafunika bega moja na mkono, hata kiti hakionekani vizuri. Usoni haikufika. Dada yangu alikuwa ametazama mbele, kidevu juu, kilemba kimekaa sawa, na kwenye pembe ya mdomo ana kile kicheko chake cha kuficha, cha mtu aliyeandaliwa nguo nzuri na hajamwambia mtu. Niliuangalia ule uso kwa muda mrefu. Sikuwa na haja ya kumuuliza tena. Mtu yule alikuwa anajipenda tangu kabla kamera haijalia.

Nikavuta pazia, nikampa Deogratias. Aliiweka kwenye fremu, na watu wakasogea. Andrea aliitazama, akawapisha wengine.

"Siku hiyo ukungu ulishuka," mwanamke mmoja akasema, anaonyesha ule weupe begani.

"Ulishuka," nikasema.

Nikarudi kwenye mkeka. Furaha alikuwa amesimama ukutani, peke yake, beseni tupu mkononi, kwa kuwa alikuja nalo na hakujua aliweke wapi. Nilikunja miguu, nikampapasia nafasi pembeni yangu, akaja akakaa.